"Dragostea din tei" na kava yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikutana na wimbo huu kwenye CD ya kuchoma niliyonunua barabarani. Juu yake muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: "Haiducii – Italy". Nikaishi miaka kadhaa nikiamini kwamba wimbo ni wa Kiitaliano na mwenyewe ni huyo Haiducii, mwanamke anayesikika kwenye CD ile. Yote mawili si kweli. Tangu nilipojua, kila ninapoupiga mbele ya watu nawaeleza habari zake, na maswali huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa.

Huu ni wimbo gani? Jina halinijii kabisa.

Jina huenda lisikujie, lakini "ma-ia-hii, ma-ia-huu" utaikumbuka. Ni wimbo wa dansi wa kielektroniki wa kundi la O-Zone, vijana watatu kutoka Moldova. Ulitoka mwaka 2003, ukavuma kwanza Romania, kisha mwaka 2004 ukaikamata Ulaya yote. Ujerumani ulikaa kileleni mwa chati wiki 14, Ufaransa wiki 15. Uingereza, ambako nyimbo zisizo za Kiingereza hupenya kwa shida, ulifika namba 3.

Wanaimba lugha gani? Mbona inasikika kama Kiitaliano?

Ni Kiromania. Kinasikika kama Kiitaliano kwa sababu lugha zote mbili ni watoto wa Kilatini, pamoja na Kifaransa, Kihispania na Kireno. Moldova ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraini, yenye watu wasiofika milioni 3, na hadi mwaka 1991 ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti. Hata jina la lugha yao lilibishaniwa muda mrefu: katiba iliiita Kimoldova, na ni mwaka 2023 tu bunge lilipoamua kwamba katika sheria zote iitwe Kiromania.

Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu wimbo huu. Mamilioni ya watu waliucheza bila kuelewa hata neno moja, na hakuna aliyedai uimbwe kwa Kiingereza kwanza ndipo apende. Kiingereza kilijaribiwa baadaye, kukawa na toleo liitwalo "Words of Love". Watu waliendelea kuupenda ule wa Kiromania.

Nani aliutunga?

Dan Bălan, mzaliwa wa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, mwaka 1979. Kabla ya dansi alikuwa akipiga muziki mzito wa gitaa, ule wa giza na makelele, katika bendi iliyoitwa Inferialis. Aliianzisha O-Zone mwishoni mwa miaka ya 1990 na rafiki yake Petru Jelihovschi. Petru alipojitoa, wakaingia Arsenie Todiraș na Radu Sîrbu, na hao watatu ndio tunaowajua. Mwaka 2002 walihamia Bucharest, kwa sababu soko la Moldova lilikuwa dogo mno kumlisha msanii. Huko walianza kutamba na "Despre tine", halafu albamu yao ya DiscO-Zone ya mwaka 2003 ikaja na wimbo tunaouzungumzia.

Haiducii ni nani, na kwa nini wengi hudhani wimbo ni wake?

Haiducii ni jina la jukwaani la Paula Mitrache, mwimbaji wa Kiromania kutoka Bucharest aliyekuwa akifanya kazi Italia. Aliurudia wimbo huu kwa Kiromania kilekile, na kava yake, yaani toleo lake la kurudia, ikatolewa Italia wakati O-Zone bado hawajulikani nje ya Romania na Moldova. Mapema mwaka 2004 ilishika namba moja Italia, kisha Uswidi. Gabry Ponte, DJ wa Turin aliyekuwa mmoja wa watatu wa kundi la dansi la Eiffel 65, naye alihusika katika toleo lililopigwa sana kwenye kumbi.

Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya Ulaya kava ilifika kabla ya asili. Fikiria mgeni anayebisha hodi kwako akiwa amevaa shati la nduguye; atakapofika mwenye shati, utadhani yeye ndiye aliyeazima. Toleo la O-Zone lilipotolewa nchi hizo miezi michache baadaye, wako waliosema vijana hawa wamemwiga yule dada. Kwa miezi kadhaa matoleo mawili ya wimbo mmoja, kwa lugha ileile, yalikuwa yakikimbizana kwenye chati zilezile.

Jina lake nalo limetoka ndani ya wimbo wenyewe. Nitalieleza nikifika kwenye maneno.

Basi aliuiba?

Hapana, na naomba tusilitumie neno hilo ovyo. Kurudia wimbo wa mtu ni desturi ya kale ya muziki, na sheria inaitambua, mradi mtunzi atajwe na alipwe. Mtunzi wa kava ile ni Dan Bălan yuleyule. Tatizo lilikuwa kwa wasikilizaji, watangazaji na wauza CD kama yule wangu, walioandika jina la aliyeimba na kumsahau aliyetunga.

Matoleo hayo mawili yanatofautiana wapi?

La O-Zone linabebwa na sauti za wanaume watatu, na sehemu nyingine sauti inapanda juu sana, sauti ya puani kidogo, kama kijana anayejikaza asilie. Mwendo ni mapigo karibu 130 kwa dakika, ule mwendo wa moyo wa mtu anayekimbia polepole. Kinanda cha elektroniki kinashika tuni, ngoma inagonga kila pigo, na kiitikio kinarudi haraka kabla hujakisahau.

Haiducii anaimba peke yake, na sauti yake ni kavu zaidi, imekaa mbele ya mdundo. Utayarishaji wake ni wa Kiitaliano hasa: besi nzito, ngoma kali, umetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wenye taa za kuwakawaka. Ukitaka watu waruke, lake linafanya kazi haraka.

Ila kuna kitu kinapotea. Maneno ni ya mwanamume anayempigia mpenzi anayemwacha. Vijana watatu wakiimba, unasikia unyonge wake. Kwenye kava unyonge huo umefunikwa na ngoma. Hiyo ni hukumu yangu, na najua madijei wazuri wanaoipinga.

Maneno yanasema nini?

Hapa ndipo msikilizaji wa Kiswahili ana bahati kuliko Mzungu wa London.

Wimbo ni simu. Kijana anapiga: halo, ni mimi, *haiduc*. Mahaiduc walikuwa majambazi wa msituni wa nchi za Balkani, zama za utawala wa Waturuki, waliowapora matajiri na kusifiwa katika nyimbo za wanakijiji kama mashujaa. Kijana wetu anajipa cheo hicho. Haiducii, jina la yule mwimbaji wa Italia, maana yake ni "wale mahaiduc". Kijana anamwomba mpenzi wake apokee furaha.

Ubeti wa pili anapiga tena, safari hii anajiita Picasso. Kisha anatamka maneno haya: "ți-am dat beep". Kwa Kiswahili cha mitaa yetu: nimekubipu.

Ndiyo, kubipu! Simu inalia mara moja, unakata, mwenzako anajua ni wewe na senti yako haijaondoka. Mwaka 2003 vijana wa Bucharest na Chișinău walikuwa wakifanya hivyo hivyo kama vijana wa Dar es Salaam na Mombasa, na kwa sababu ileile: muda wa maongezi ulikuwa ghali. Msikilizaji wa nchi tajiri anahitaji maelezo marefu hapo. Sisi tunamwona kijana mara moja, kakaa na simu mkononi, anangoja apigiwe. Anaongeza kwamba yeye ni shupavu, wala haombi kitu chochote. Mtu aliyebipu halafu akasema haombi kitu, kila mtu anajua anaomba nini.

Kiitikio ndicho kinachovunja moyo. Anamwambia mpenzi: unataka kuondoka, wala hunichukui. "Nu mă iei" ni "hunichukui", na "nu mă, nu mă" inayorudiwa ndiyo ile "numa numa" ambayo dunia nzima iliigeuza kuwa kelele za furaha. Kumbe mtu analia: hunichukui, hunichukui.

Na jina, "Dragostea din tei"?

"Dragostea" ni mapenzi. "Tei" ni mti mkubwa wa kivuli unaopandwa kando ya barabara na kwenye bustani za Romania na Moldova. Mwezi wa Juni unatoa maua madogo yenye harufu ya asali, na watu huyachuma, huyakausha na kuyanywa kama chai. Kwa hiyo neno kwa neno ni "mapenzi ya kwenye miti ya tei". Kijana anasema sura ya mpenzi na yale mapenzi ya kwenye tei vinamkumbusha macho yake.

Watafsiri wameandika kila namna ya jina, kwa sababu katika lugha zao mti huo haubebi kitu. Kwa Waromania unabeba. Mshairi wao mkubwa wa karne ya 19, Mihai Eminescu, aliujaza katika mashairi yake ya mapenzi, na katika bustani ya Copou mjini Iași upo mti wa tei unaoitwa kwa jina lake. Msomaji wa pwani atanielewa nikisema ni kama mlangilangi au kilua katika mashairi yetu: ukitaja ua, umeshataja mahaba. Ningeutafsiri mimi, ningesema "Penzi la chini ya mlangilangi", na nisingejisikia kwamba nimeupotosha.

Yapo pia mambo ya vina. "Iei", "tei", "tăi": kiitikio kizima kinaning'inia hapo. Nadhani Bălan alilihitaji "tei" kwa ajili ya kina kama alivyolihitaji kwa ajili ya harufu. Washairi wetu hawatamlaumu.

"Ma-ia-hii" maana yake nini?

Haina maana. Ni mwito wa sauti tu wa kufungulia wimbo.

Ile video ya kijana anayecheza akiwa amekaa kwenye kiti, ni ya nani?

Ni ya Gary Brolsma wa New Jersey, Marekani. Desemba 2004 aliiweka kwenye tovuti ya Newgrounds akiiita "Numa Numa Dance": kijana mnene mwenye miwani na visikilizio kichwani, mbele ya kamera ya kompyuta, anaigiza wimbo kwa mikono na nyusi kwa furaha isiyo na aibu. YouTube ilikuwa bado haijazaliwa. Watu walitumiana kwa barua pepe. Kwa Wamarekani wengi O-Zone waliingia kwa mlango huo, na wengi hadi leo wanauita "wimbo wa Numa Numa" bila kujua kwamba una mwenyewe. Huko mwenye wimbo alifichwa na mchezaji, kama Ulaya alivyofichwa na kava.

Ni kweli ulivuma hata Japani?

Sana, mwaka 2005, kwa jina la "Koi no Maiahi". Wajapani wana mchezo wao wa kusikiliza maneno ya kigeni na kuyasikia kama Kijapani. Mtu alitengeneza katuni ya paka wanaoimba wimbo huo kwa maneno ya namna hiyo, ikasambaa kwenye intaneti, na albamu ya DiscO-Zone ikapanda hadi namba moja.

Kisha likatokea lililonigusa. Kampuni ya Avex, iliyosambaza wimbo huko, ilianza kuuza bidhaa zenye paka aliyefanana mno na paka wa michoro ya herufi aliyekuwa mali ya pamoja ya watumiaji wa jukwaa la 2channel, na likaanza suala la kumsajili kama alama ya biashara. Watumiaji walikasirika, wakapaza sauti, na kampuni ikarudi nyuma. Walimtetea paka ambaye hakuwa na mwenyewe mmoja.

Je, Rihanna na T.I. waliufanyia kava?

Si kava. "Live Your Life" ya mwaka 2008 ni wimbo mpya wenye mashairi mapya. Walichochukua ni kile kipande cha "ma-ia-hii" na tuni ya kiitikio, ambayo Rihanna anaiimba kwa maneno mengine. Wimbo ulifika namba moja Marekani, na Dan Bălan yumo katika orodha ya watunzi.

Tofauti ni hii. Kava ni kuuimba wimbo uleule upya kwa sauti yako. Sampo ni kukata kipande cha rekodi iliyopo na kukipachika kwenye yako. Na kuna kuazima tuni: huchukui rekodi, unaiimba au kuipiga upya ndani ya wimbo wako. Mwaka 2024 David Guetta na OneRepublic walitoa "I Don't Wanna Wait" kwa njia ya kuazima tuni hii hii. Miaka 20 imepita na bado inachotwa.

Kuna matoleo ya lugha nyingine?

Mengi. Linalonifurahisha zaidi ni la Brazili, "Festa no Apê" la mwimbaji aitwaye Latino, ambapo simu ya huzuni imegeuzwa kuwa mwaliko wa sherehe kwenye fleti. Hispania, wachekeshaji wawili wanaoitwa Los Morancos waliugeuza kuwa "Marica tú", na ukapendwa sana na mashoga wa nchi hiyo.

Kava ikiuza, nani analipwa?

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa ugomvi. Kuna haki ya utunzi, yaani tuni na maneno. Kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Haiducii aliporekodi, haki ya rekodi ikawa ya upande wake, yeye na lebo yake. Haki ya utunzi haikusogea, ilibaki kwa mtunzi na msimamizi wa kazi zake. Kila CD ya kava ikiuzwa, kila redio ikiipiga, fungu la mtunzi linapaswa kwenda kwake. Kwa maana hiyo kava iliyotangulia haikumnyima Bălan kila kitu. Wenzake wawili ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa wao walikuwa waimbaji, na katika rekodi ile sauti zao hazimo.

Jambo hili la kava kumfunika mtunzi limewahi kutupata sisi?

Limetupata, tena kutoka Ulaya hiyo hiyo ya dansi. Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, lilirekodi "Malaika" mwaka 1981, na mwaka 1983 likatoa "Jambo – Hakuna Matata" kutokana na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Kenya, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Wazungu wangapi waliocheza nyimbo hizo walimjua Teddy Kalanda? Na "Malaika" yenyewe, sisi kwa sisi tumebishana miaka na miaka ni nani hasa aliyeitunga. Nikimwona mtu wa Nairobi au Tanga akisema "wimbo wa Haiducii", namkumbusha "Malaika".

Naweza kuuimba kwa Kiswahili na kuutoa?

Kuuimba nyumbani au kujifunza nao, imba. Kuutoa ni jambo jingine. Kutafsiri maneno ni kuibadilisha kazi ya mtu, na hilo linahitaji ruhusa ya mwenye haki ya utunzi, hata ukirekodi kila ala upya. Usiamini wanaosema ukitumia sekunde chache huhitaji ruhusa. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Anza na ofisi ya hakimiliki, kwa Tanzania COSOTA, kwa Kenya KECOBO, uelekezwe njia ya kumpata msimamizi wa kazi hiyo. Ukipakia YouTube bila ruhusa, mfumo wao huutambua wimbo, na mara nyingi mapato huelekezwa kwa mwenye haki au video kuzuiwa.

Na ukipata ruhusa, nakusihi: "nimekubipu" usiiache.

O-Zone wako wapi sasa?

Kundi lilivunjika mwaka 2005, wakiwa bado juu. Arsenie, kwa jina la Arsenium, aliiwakilisha Moldova kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 2006 pamoja na Natalia Gordienko. Radu aliendelea na muziki wake. Dan Bălan alitoa "Chica Bomb" na nyimbo nyingine, akawa pia mmoja wa makocha wa The Voice, shindano la kuimba la televisheni, nchini Ukraini. Mwaka 2017 walipanda jukwaani tena wote watatu.

Nianze kusikiliza lipi?

Anza na la O-Zone, usiku, kwa visikilizio, ukiwa na maana ya maneno kichwani. Subiri ubeti wa pili, pale anapojiita Picasso na kusema amebipu. Halafu lipige la Haiducii kwenye spika kubwa, watu wakiwepo. Na kwenye CD yako au orodha yako ya nyimbo andika majina yote matatu: aliyetunga, walioimba kwanza, aliyerudia.